Besi ya Waya wa Breki

Nzioka alipofariki, watu waliowahi kuwa katika bendi yake waliitana kwenye mkutano wa kupanga mazishi katika hoteli moja mjini Machakos, chumba cha juu, kile chenye meza ndefu na maua ya plastiki. Nilikwenda kwa sababu Wambua, aliyekuwa mpiga ngoma wetu, alinipigia simu akasema nisipokuja watu watasema. Niliketi karibu na mlango. Chai ililetwa, na mandazi, na Maithya, ambaye siku hizi ni mtu wa tumbo na suti, akasimama kuongoza mkutano. Alisema marehemu alikuwa baba wa muziki wa kwetu. Alisema hakuna mtu aliyeshika gitaa Machakos ambaye hakupita mikononi mwake. Halafu akaninyooshea kidole, nami nikiwa na andazi mdomoni. "Kama huyu Mumo. Alitoka Kola akiwa hajui kitu, mzee akamlea kama mtoto wake. Mumo, si utatuandikia ukurasa mmoja, vile alikulea, isomwe siku ya mazishi?" Watu wakapiga makofi madogo. Nilimeza andazi nikasema sawa. Mimi si mtu wa kujibizana mbele za watu, sikuwa hata nikiwa kijana, na shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo kuandika kwangu ni kwa polepole. Mazishi yalipita kabla sijamaliza mstari wa tatu. Lakini lile neno, alikulea, limekataa kunitoka, na sasa naandika. Si ukurasa mmoja, na si wa kusomwa kaburini.

Nilikaa na Nzioka mwaka mmoja, ule ulioishia kwa mvua ya Elnino. Makao ya bendi yalikuwa Machakos, mtaa wa Mjini, nyuma ya baa yenye ukumbi, vyumba vitatu vya mabati vilivyopangana kama mabehewa. Cha kwanza alilala Nzioka na mkewe, Mama Ndunge. Cha katikati kilikaa vyombo: spika mbili zilizoshonewa magunia ya unga baada ya kitambaa chake kuliwa na panya, ngoma, magitaa yaliyoning'inizwa kwa misumari, na amplifaya iliyonguruma hata kama hakuna aliyeigusa. Cha mwisho tulilala Wambua na mimi, pamoja na mpiga gitaa la ridhimu yeyote aliyekuwapo, maana wapiga ridhimu walikuja na kuondoka, hakuna aliyevumilia. Dirisha letu lilitazama ua wa bucha, na asubuhi tuliamshwa na shoka. Kila kitu pale kilikuwa cha Nzioka, na alipenda kukisema. Ungekaa kwenye kiti kimya kimya bila kumsumbua mtu, naye angepita na kukukumbusha kiti ni cha nani.

Siku niliyofika nilifika na baiskeli yangu. Nzioka alikuwa uani, amevaa fulana na kofia, mtu mrefu mwenye meno mazuri ambayo aliyaonyesha mara chache. Nilikuwa nimepigia besi kwaya ya kanisa kwetu Kola, nikasikia kwamba mpiga besi wake, huyuhuyu Maithya, amepata kazi ya kushona nguo katika viwanda vya EPZ, Athi River, na ameacha nafasi.

"Wewe ndiye wa Kola?"

"Ndiyo, mzee."

"Unajua kupiga?"

"Kidogo. Kanisani."

"Kanisani." Akamgeukia Wambua. "Umesikia? Huyu ametoka kumpigia Yesu. Sasa atapigia walevi."

Halafu akaacha kuniangalia mimi akaiangalia baiskeli. Alizunguka akaitazama pande zote kama mtu anayenunua mbuzi, akaingia ndani, akatoka na koleo. Kabla sijaelewa alikuwa amechomoa waya wa breki ya nyuma, akauvuta wote mpaka mwisho, akauinua juu kwenye mwanga. Uzi mwembamba wa gitaa la besi ulikuwa umekatika Jumamosi iliyopita, na ule wa pili wake tayari ulikuwa waya wa baiskeli ya mtu mwingine.

"Mzee, nitaendaje nyumbani?" nikauliza.

"Kwani Kola si mlimani? Ukipanda hauhitaji breki."

"Na nikishuka?"

"Ukishuka, weka mguu."

Wambua alicheka mpaka akaketi chini. Nami nilitabasamu, kwa sababu nilitaka kazi. Leo nikifikiria tabasamu lile natamani kurudi pale uani nimzabe kofi yule kijana niliyekuwa.

Ni lazima nieleze namna waya wa breki unavyogeuka uzi wa gitaa, kwa sababu shida yote ya mwaka ule ilitoka hapo. Waya ule una kichwa cha madini ya risasi upande mmoja, kile kinachoshika mkono wa breki. Kichwa hicho ndicho kinachokaa chini ya gitaa. Unaufuta grisi kwa mafuta ya taa. Unaunyoosha juu ya gitaa, unapima urefu, unakata kwa koleo, na ile ncha iliyokatwa unaibana isichanue, ndipo unaifunga juu kwenye ufunguo wa kukazia. Ukijaribu kuufunga kabla hujaukata, ule mkia mrefu mgumu unakupiga usoni. Nzioka alikuwa na wimbo wake wa kazi hiyo: pima, kata, funga. Aliusema kama mtu anayehesabu hatua za dansi. Alikuwa amefunga nyaya za breki miaka mingi, na alijiona fundi.

Mlio ni jambo jingine. Waya wa breki haulii. Unatoa kishindo tu, na kishindo chenyewe hakikai, ukigusa kimekufa. Nyuzi mbili nene zilikuwa nyuzi za kweli, za dukani, lakini hakuna aliyejua za mwaka gani. Zilikuwa nyeusi kwa jasho la vidole vya watu, na zimelainika hivi kwamba kuzipiga kulikuwa sawa na kupiga gunia la mahindi kwa ngumi. Wambua alikuwa na maelezo yake kuhusu jasho. Alisema kuna watu ambao jasho lao lina chumvi kali, wakishika waya mpya leo, wiki ijayo umekufa, na Maithya ni mmoja wao. "Yule akikusalimia mkono, saa yako inashika kutu," alisema. Mikono yangu mimi, alisema, ni mikavu. Hilo ndilo jambo zuri pekee ambalo Wambua aliniambia mwaka ule, na baada ya miaka yote hii nimeona ni kweli: nyuzi zikiwa kwangu huishi, na kijana anayeniazima gitaa kanisani huzirudisha zimezeeka.

Nzioka hakutaka kusikia habari ya nyuzi. Kila Jumamosi dansi lilipokwisha na wateja wakibaki na chupa zao, aliniita mbele ya wote. "Wewe wa Kola, vidole vyako ni vya jembe. Maithya alipiga gitaa hili hili, na waya hizi hizi, na zikaongea." Nilizungusha waya wa spika mkononi nikaangalia chini. Siku moja nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba pengine tungenunua nyuzi, akasema kwa sauti kubwa, ili waliokaa kaunta wasikie, "Huyu anataka nyuzi mpya. Fisi akikosa meno analaumu mfupa." Wakacheka. Alikuwa hodari wa kuchekesha, hilo siwezi kumnyima, na kila mara kilichochekwa kilikuwa mimi.

Jioni tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, katika chumba chake, kila mtu na sahani yake magotini, taa ya mafuta juu ya spika mbovu iliyofanywa meza. Mama Ndunge alikuwa mpishi mzuri na mtu wa maneno machache. Alinipakulia sawa na wengine, na Nzioka aliposema "huyo asishibe sana, atalala juu ya gitaa," alinipakulia tena bila kumtazama mumewe. Lakini ukuta kati ya vyumba ulikuwa bati moja tu. Siku moja baada ya chakula nilikwenda chumba cha vyombo kupangusa gitaa, na nikawasikia.

"Huyu mtoto ni mkavu," alisema Nzioka. "Hana damu. Anapiga kama mtu anayeomba ruhusa."

"Mpe waya mzuri basi."

"Waya mzuri ni wa mtu mzuri. Tukienda Nairobi kurekodi nitaita Maithya aombe likizo."

"Na hizi nyimbo Maithya anazijua? Besi zote hizi si ametunga huyu?"

"Atafundishwa."

"Na nani?"

"Na huyu."

Nilisimama na kitambaa mkononi. Kwamba kuna safari ya kurekodi nilikuwa sijaambiwa. Na Mama Ndunge alisema kweli: nyimbo mpya zote, mistari ya besi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeitunga nikiwa peke yangu asubuhi, bila amplifaya, sikio langu likiwa juu ya ubao wa gitaa ili nisikie kitu. Sikuwa na jambo jingine duniani ambalo ningesema ni langu. Tangu dakika ile nilitaka kitu kimoja tu, kwamba ikifika siku ile Nairobi, vidole vitakavyoingia katika kaseti viwe vyangu. Nikaamua kwamba gitaa lile lazima liongee kabla ya siku hiyo, Nzioka apende asipende.

Kuchemsha nyuzi ni Wambua aliyenionyesha. Alisema aliona Wakongo wakifanya hivyo. Unazitoa kwenye gitaa, unazikunja duara, unazitia katika sufuria ya maji yanayotokota ili uchafu uliojificha kati ya mizunguko ya waya utoke. Nikaongeza magadi ya Mama Ndunge, yale ya kulainishia maharagwe, nikifikiri kama yanalainisha maharagwe makavu yatatoa na jasho la Maithya. Maji yaligeuka rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Nilizikausha juani, nikazifunga, nikagusa ule uzi mnene. Ulilia. Ulianza na sauti nene, halafu juu yake sauti nyingine ya chuma kama kengele ya mbali, na ikakaa. Jumamosi ile watu walikuja mbele karibu na spika yangu. Nzioka aligeuka mara moja katikati ya solo akaniangalia, kisha akageuka tena haraka kama mtu aliyechungulia bafu la mwenzake. Jioni tulipokula, alitema muthokoi chini. "Chakula hiki kina ladha ya msumari."

"Ni sufuria," alisema Mama Ndunge.

"Sufuria imefanya nini?"

"Imepika waya za Mumo."

Hakupiga kelele. Aliniambia tu, polepole, kwamba siku nikila mali yake tena na kugeuza jiko lake karakana, nitatafuta kwingine pa kulala. Lakini sababu yake haikuwa sufuria. Alikuwa amesikia besi.

Uzi uliochemshwa haudumu. Unalia dansi moja, la pili unakohoa, la tatu umerudi kuwa gunia. Unauchemsha tena, na kila ukiuchemsha unakuwa mwepesi kufa kuliko mara iliyotangulia, na chuma chenyewe kinachoka. Nilichemsha nikachemsha, nyumbani kwa mama mmoja jirani mwenye kioski sasa, si kwa Mama Ndunge. Mwishowe ule mnene ulikatika katikati ya dansi kwa mlio kama wa fimbo, ukanichana kidevu. Nzioka alisimamisha wimbo. Alishika maikrofoni. "Samahani wateja. Huyu kijana wetu amekata waya. Msimlaumu, kwao wanajua kuchuna mbuzi tu." Damu ilinitiririka mpaka kwenye kola ya shati, na watu walikuwa wakipiga meza kwa kucheka. Kovu ninalo. Watoto wangu huniuliza ni la nini, na huwaambia ni la Nzioka.

Wiki iliyofuata niliuza baiskeli. Aliyeinunua alijaribu kushika breki akaniuliza mbona haishiki, nikamwambia aweke mguu. Nikapanda gari kwenda Nairobi kutafuta Mkongo mmoja, mwanamuziki mstaafu aliyeuza vitu vya muziki chumbani kwake ghorofani. Alinipa pakiti ya nyuzi nne za besi, ndefu kuliko nilivyowahi kuona, zikang'aa kama samaki. Sikutaka kuzigusa. Alinionyesha jambo moja akarudia, kwa Kiswahili chake, akiniita mdogo kwa Kifaransa. "Sikiliza, petit. Huu uzi uko na moyo ndani, na waya ingine imeuzunguka inje. Usikate mbele ya kuukunja. Unafunga kwanza, unakunja vizuri, kisha unakata mkia. Ukikata wazi, ile ya inje inafunguka, inateleza, na sauti imekwisha. Hata mbinguni haitarudi." Nilirudi Machakos nikiyasema maneno hayo mdomoni njia nzima: funga, kunja, kata.

Nzioka alikuwa uani niliporudi, pamoja na Wambua. Nilimwonyesha pakiti kwa sababu ilikuwa haiwezekani kuficha kitu pale. Akainyakua, akaifungua kwa meno.

"Mzee, nitafunga mwenyewe," nilisema.

"Gitaa ni la nani?"

"Ni lako."

"Basi."

Akaketi na gitaa magotini akaanza na ule mnene. Akaunyoosha. Akapima kwa jicho. Akachukua koleo.

"Mzee," nikasema, "aliyeniuzia amesema usikate kwanza. Ukunjwe, halafu ukatwe."

Mkono ukasimama. Hilo nataka lieleweke, mkono ulisimama. Wambua aliona, na siku ile hotelini nilipomkumbusha alitazama sahani yake. Nzioka aliinua macho, akaniangalia kwa muda, akaona kovu jipya kidevuni, akaona viatu vyangu vilivyochakaa kwa kuwa sasa nilitembea kwa miguu. Alinisikia na alinielewa. "Unanifundisha mimi kufunga waya?" akasema. "Pima, kata, funga." Na akakata.

Watu wengi wangesema hakujua, alikuwa na mazoea ya waya wa breki, mazoea ni mabaya. Nimejaribu kufikiri hivyo. Nimejaribu nikiwa shambani, nikiwa kanisani, hata juzi nikitoka kwenye mkutano wa mandazi. Kama angekata mara moja bila kunisikia ningesema ni mazoea. Lakini mkono ulisimama kwanza.

Ule uzi ulikufa hapohapo. Waya wa nje ulianza kujifungua kwenye ncha, taratibu, na alipoukaza ulijizungusha, ukawa unalia kama nzi ndani ya chupa, sauti ikipanda na kushuka yenyewe. Nzioka alisema, "Si unaona? Nyuzi zako za Nairobi ni bure," akaweka gitaa chini akaenda zake kwa mchezo wa drafti, akiziacha zile tatu ndani ya pakiti. Hazikukaa humo. Nilizifunga mchana uleule, mlango umefungwa. Funga, kunja, kata. Zilitoka hai, zote tatu.

Nikajifunza kupiga besi bila uzi mnene. Nilihamisha mistari yangu yote juu, kule chini kabisa nikamwachia Wambua na ngoma yake ya mguu. Ilikuwa kama kula bila meno ya upande mmoja, unazoea. Na mistari ikawa mizuri kuliko ya kwanza, kwa sababu sikuwa tena na mahali pa kujificha. Kila nilichogusa kilisikika. Mvua zilikuwa zimeanza, zile zilizokataa kukoma. Maji yalipita chini ya milango, magodoro yakaota ukungu, kila chuma pale ndani kikashika kutu, mpaka koleo la Nzioka. Nyuzi zangu hazikushika. Nilizipangusa kila zilipopigwa, juu, chini, uzi mmoja mmoja, na gitaa nililitoa ukutani nikalala nalo kitandani upande wa ukuta mkavu. Wambua akaniita bwana arusi. Dansi za mvua zilijaa kwa sababu watu hawakuwa na pa kwenda, na Jumamosi moja mzee mmoja wa sokoni alikuja mpaka mbele, akaweka kiganja chake juu ya spika yangu, akasimama hivyo wimbo mzima macho yamefumbwa. Nzioka aliona. Hakuniita mbele ya kaunta siku ile. Nikaanza kuamini kwamba Nairobi nitapiga mimi.

Maithya akaja Jumapili. Alikuwa na koti la ngozi na maneno ya Athi River. "Niaje, msee. Nasikia umeshikilia kiti yangu vizuri." Akaketi kwenye kitanda changu, akachukua gitaa bila kuuliza, akapitisha vidole kwenye nyuzi, zile tatu. Jasho lilikuwa linamtoka hata kwenye baridi ile. "Hizi waya ni moto! Nzioka amenunua?" Nilikuwa naangalia vidole vyake vyenye maji vikizishika.

Mchana tulikula wote pamoja chumbani kwa Nzioka. Mvua ilipiga mabati hivi kwamba mtu alisema neno mara mbili. Nzioka alikuwa akieleza safari: nani atabeba nini, saa ngapi, nguo gani zivaliwe kwa ajili ya picha ya kaseti. Mimi hakunitaja. Nikauliza, kwa sauti yangu ya kawaida, kama nitapiga.

"Nini?"

"Nasema, nitapiga mimi?"

"Sisikii!"

"Nairobi! Nani anapiga besi?" Ilibidi nipaze sauti, na ukishapaza sauti ni vigumu kuishusha. Mama Ndunge aliacha kupakua.

Nzioka alimeza kwanza. "Maithya atapiga. Wewe utambebea Wambua ngoma. Na leo umfundishe hizo mistari zako, usiku usiingie kama hajashika."

"Nyuzi ni zangu."

"Kilicho kwenye gitaa ni cha gitaa," alisema Nzioka. "Na gitaa ni la nani?"

Maithya alicheka. Wambua hakucheka, lakini aliendelea kula. Nikaweka sahani chini. Nilikwenda kwa Maithya, nikachukua gitaa aliloliegemeza kando yake, nikaketi pale pale katikati yao, sakafuni, nikaanza kufungua. Ufunguo mmoja unazungushwa mara nyingi sana, na hakuna namna ya kufanya haraka. Uzi ulishuka sauti polepole, ukilia, mpaka ukanyamaza, nikautoa, nikaukunja duara, nikauweka mfukoni. Nikaanza wa pili. Nzioka alikuwa amesimama. Nilingoja kofi. Nilikuwa tayari, nadhani hata nililitaka. Halikuja. Nilipomaliza wa tatu nilimpa Nzioka gitaa mikononi likiwa na ule mnene peke yake, unaning'inia.

"Huu nakuachia," nilisema. "Huu uliukata wewe."

Nilitembea mpaka Kola na mvua yote ile, nyuzi nimezifunga katika karatasi ya nailoni chini ya shati.

Nilikaa nyumbani. Nililima matuta yaliyobomolewa na maji. Sikuwa na gitaa, na nyuzi nilizitundika juu ya meko ambapo unyevu haufiki. Siku chache kabla ya safari yao nilikuwa mlangoni nachambua maharagwe nikamwona mtu anakuja kupitia matope ya barabara, suruali imekunjwa, viatu mkononi, kofia imelowa mpaka imemfunika masikio. Nilimjua kabla hajafika mgomba wa kwanza. Alikuwa ametembea kutoka barabara kubwa, maana magari hayakupita tena. Sikuwahi kumwona Nzioka akitembea kumfuata mtu.

Nilisimama. Nimpe haki yake: nilipomwona, hasira ilinitoka yote. Nilifikiri, amekuja. Nilianza hata kuhesabu akilini nguo gani ni kavu, na kama mistari bado iko vidoleni. Nilimkaribisha, nikampa kigoda karibu na moto, nikamtilia chai. Alikunywa. Alitazama moto, akatazama juu ya meko, akaziona.

"Maithya amefunga nyaya za breki," alisema. "Haziongei."

"Haziwezi."

"Na mjini hakuna duka."

"Hakuna."

Aliendelea kunywa. Nilingoja. Kama angesema njoo, ningekwenda bila viatu. Kama angesema tu jina langu.

"Nimekuja kwa nyuzi," alisema. "Maithya anazihitaji Jumatatu."

Moto ulikuwa unafuka, nikausukuma ukuni ndani. Nilimwambia nyuzi ziko, pale juu, anaziona. Akangoja niinuke nimtolee. Sikuinuka. Akainua mkono mwenyewe kuelekea meko, akanitazama, na mkono ukasimama hewani. Nikaendelea kumtazama mpaka akaushusha. Alimaliza chai yake yote, akaweka kikombe chini, akachukua viatu vyake, na akatoka kwenye mvua.